Shavu la Kushoto

4 Machi

Mwanangu Chiriku,

Barua yako nimepata, na ile sabuni pia. Ni nzuri lakini inanuka hospitali, nimeiweka kwa ajili ya wageni nisiowapenda. Mimi mzima, cherehani nayo nzima, isipokuwa kanyagio linalia kama paka. Kazi ya sare za shule imeniangukia yote kwa mpigo. Chumba cha mbele kimejaa kaptura hadi mteja akija hana pa kukaa ila juu ya kaptura za watoto wa watu.

Unalalamika kwamba sipokei simu. Mwanangu, kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi. Jina la Chiriku hukupewa bure. Kwenye barua utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende.

Nina jambo dogo la kukuuliza, kwa kuwa wewe ni muuguzi wa ngozi na ada ya kukusomesha ilitoka kwenye cherehani hii. Shavu langu la kushoto limetoka vipele. Vidogo vidogo, vinawasha, na nikitoka juani vinachoma kama nimepakwa pilipili. Shavu la kulia halina kitu, laini kama siku niliyozaliwa. Ndani ya mkono wa kulia, karibu na kiwiko, pia vipo kidogo. Shoga yangu wa duka la vipodozi anasema ni mbu. Mbu gani huyo anayeuma upande mmoja tu, amewekewa mpaka?

Usije mbio. Ni kitu kidogo. Niambie tu nipake nini.

Mama yako


9 Machi

Shikamoo Mama,

Usipake kitu. Naandika tena kwa herufi kubwa ili usiseme hukuona: USIPAKE KITU. Hayo maneno ya "niambie tu nipake nini" ndiyo yanayotujazia kliniki. Kila asubuhi benchi letu limejaa watu waliopaka. Yupo aliyepaka dawa ya meno juu ya jeraha la moto, yupo aliyepaka krimu ya jirani, na juzi alikuja mzee mmoja amejipaka dawa ya kupe wa mbuzi. Kupe hana, ni kweli. Lakini ngozi nayo hana.

Upele wa upande mmoja maana yake kuna kitu kinagusa upande huo na hakigusi ule mwingine. Kwa hiyo nijibu vizuri. Unalalia shavu lipi? Umebadilisha mafuta, poda, hereni, sabuni ya kufulia? Sare za mwaka huu unashona kwa kitambaa kipya? Rangi za vitambaa vingine zina ubaya wake, na wewe kitambaa hukipimi kwa jicho, unakiweka shavuni usikie ulaini wake. Nimekuona tangu nina miaka minne.

Kuna swali moja nauliza kwa adabu zote, usikasirike. Unajichubua? Nauliza kwa sababu kwenye picha uliyonitumia umepaka wanja. Wanja, Mama! Tangu Baba afariki sijakuona na wanja. Mwanamke akianza na wanja hajulikani atafika wapi.

Mwanao,
Chiriku


15 Machi

Chiriku,

Nijichubue? Mimi? Weusi huu nilipewa na mama yangu, naye alipewa na mama yake, na mimi nikakupa wewe bila kukudai. Niuchubue nibaki na nini? Nilipofika hapo kwenye barua yako nilicheka mpaka mteja akadhani ninacheka mwili wake, maana nilikuwa na kipimo kiunoni mwake. Ilibidi nimpunguzie bei.

Wanja nilipaka kwa sababu lilikuwepo.

Majibu yako haya. Nalalia ubavu wa kulia, kwa hiyo mto hauna kosa. Hereni ni zilezile. Mafuta ni yaleyale. Kitambaa ni kipya, ndiyo, cha kijani, na kukiweka shavuni nakiweka. Baada ya kukuandikia, kwa wiki moja shavu lilitulia kabisa, nikasema afadhali, limekwisha. Jumamosi nikatoka kidogo, nilikwenda nikarudi, na Jumapili likaumuka kama andazi.

Sasa usinigombeze. Nimepaka. Shoga aliniletea krimu kwenye kikopo, akasema anachanganya mwenyewe na hakuna aliyewahi kulalamika. Siku mbili za kwanza ilikuwa raha tupu, uso ukapoa, nikajiona msichana. Baadaye ikawa balaa. Leo jicho la kushoto linafunguka nusu, na pindo za kaptura nazishona kwa kubahatisha. Kuna mtoto atavaa mguu mmoja mrefu, na mama yake atanifuata.

Mama yako, wa jicho moja


20 Machi

Shikamoo Mama,

Barua yako imenifikia kazini na nimeisoma nimesimama. Kikopo hicho kina jina? Hakina. Kimeandikwa kilichomo ndani? Hakijaandikwa. Basi kifunge, usimpe mtu, ukitupe. Krimu hizo za kuchanganya mara nyingi huwa na dawa kali ndani yake. Siku mbili zinanyamazisha kila kitu, ya tatu ngozi inadai chake na riba juu. Mwambie Shoga kwamba hakuna aliyewahi kulalamika kwa sababu wakishavimba wanakuja kulalamika kwetu.

Uvimbe ukifika jichoni namna hiyo hausubiri barua. Kesho nenda zahanati ya hapo kwenu, wakuone kwa macho yao. Nimemweleza daktari wetu, na humo ndani nimeweka karatasi yake ili wajue la kufanya. Uso uoshe kwa maji matupu. Jua likwepe.

Halafu fikiri, Mama. Kuna kitu kiliondoka wiki ile ukapona, kikarudi Jumamosi. Kitafute. Ngozi haisemi uongo, hata mwenyewe akisema. Mimi naapa ni kile kitambaa cha kijani.

Chiriku, mwenye hasira na mapenzi


28 Machi

Mwanangu,

Zahanati nimekwenda. Jicho limefunguka.

Umeniambia nitafute kilichoondoka kikarudi. Nilikuwa nakijua kabla hujasema. Nimekiondoa, na shavu linapona vizuri tu, kila siku afadhali ya jana. Umesema ngozi haisemi uongo. Basi yangu imesema, nami nimesikia. Mtu mzima akianza kujisahau, mwili wake humkumbusha.

Usiniulize zaidi. Kaptura nimezimaliza zote. Chumba cha mbele kitupu sasa, unaweza kusikia saa ya ukutani.

Mama yako


2 Aprili

Shikamoo Mama,

Hongera! Nilijua tu. Nimemwambia kila mtu kazini kwamba nimemtibu mama yangu kwa posta. Kitambaa umekirudisha dukani au umekigawa? Kitu kikishakudhuru hivyo hakina urafiki tena. Ukikiona popote, kipite mbali, wala usikionee huruma, hata kama ni kizuri.

Mbona barua yako fupi? Nimezoea kurasa tatu na matusi ya mapenzi. Kula vizuri.

Chiriku


7 Aprili

Kwa Binti wa Fundi Cherehani,
Kliniki ya Ngozi

Salamu kwako, mwanangu, kutoka kwa mtu usiyemjua.

Mimi ni mchora mabango. Maduka mengi ya mtaa huu majina yao niliyaandika mimi, na watu wananiita Mstari kwa sababu situmii rula. Mke wangu alifariki zamani, watoto wangu wana nyumba zao. Nilifahamiana na mama yako nilipompelekea koti libadilishwe zipu. Zipu ilikuwa nzima, nakuambia ukweli mapema ili usije ukaugundua mwenyewe.

Kwa miezi kadhaa sasa, kila Jumamosi, nimekuwa nikimpakia mama yako kwenye pikipiki yangu tukaenda hadi bwawani, tukakaa, tukaongea, tukarudi. Hatuzidi mwendo wa baiskeli na kofia ngumu tunavaa. Njiani hulaza shavu begani kwangu. Ananiambia ni kwa sababu ya upepo. Nilidhani haya yote umeambiwa. Kama hukuambiwa, niwie radhi. Si mahali pangu kuwa wa kwanza.

Mwishoni mwa mwezi uliopita nilikuta mlango umeegeshwa. Alizungumza nami kupitia upenyo. Akasema, "Usije tena. Ngozi yangu imekukataa."

Nikamuuliza, "Na wewe mwenyewe?"

Akausukuma mlango ukajifunga. Nilirudi tena juzi, na hapo akaniambia kwamba hata mwanawe, ambaye ni mtaalamu, ameandika kwamba kilichomdhuru akipite mbali na asikionee huruma.

Sikuandikii nibishane na mtaalamu. Nakiri mimi ni mtu wa rangi na tapentaini, mikono yangu haijawahi kuwa safi. Nimejisugua kwa sabuni mpaka nimejichuna. Nimenunua mashati mapya. Brashi sijashika tangu siku ile. Kuna bango la mteja limebaki limeandikwa DUKA LA VIA, na watu wanabishana kama ni viatu au viazi. Vitu vinavyogusa mwili wangu ni hivi: rangi ya mafuta, tapentaini, sabuni ya mche, mafuta ya nazi kichwani, na jeli ya kuchua bega la kulia, maana limechoka kunyanyuliwa. Hiyo nimeianza karibuni, naipaka kila asubuhi, na siipaki kwa ubahili.

Naomba uniambie niache kipi. Ukisema kazi yenyewe, nitaiacha, ingawa nyingine siijui.

Mimi,
Mstari, Mchora Mabango


12 Aprili

Shikamoo Mzee,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisimama kwenye neno pikipiki na sikuendelea mpaka jioni. Mama yangu aliniapia, mkono juu ya cherehani, kwamba hatapanda chombo cha magurudumu mawili maisha yake yote.

Hayo nitamalizana naye. Wewe, rangi zako ziache zilivyo na umalizie bango la watu. Nataka kujua kitu kimoja. Hiyo jeli ya bega, niletee tyubu yenyewe, hata kama imekwisha, kwa basi la mizigo. Na tangu leo usiipake tena mpaka nikuandikie. Mama usimwambie lolote kwanza.

Halafu Mzee, tafadhali, usijisugue tena. Nina wagonjwa wa kutosha.

Binti wa Fundi


19 Aprili

Shikamoo Mama,

Kaa chini. Kama kuna mteja, mwambie arudi kesho.

Bwana Mstari ameniandikia. Najua kila kitu: zipu, Jumamosi, bwawa, pikipiki. Nilikukasirikia kwa sababu ya pikipiki. Pikipiki ilipoisha nikakukasirikia kwa kunificha. Hilo nalo lilipoisha nikakuta kilichobaki ni Baba, nikaenda kukaa kwenye stoo ya bandeji nikalia kidogo. Mwenzangu wa zamu akaja akanikuta, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, mama yangu amepata mchumba. Akacheka mpaka akashika rafu. Nami nikacheka.

Nilijiuliza Baba angesema nini. Unamjua, hakuwa mtu wa maneno. Nafikiri angeuliza pikipiki ni ya aina gani.

Sasa sikiliza la kitaalamu. Tyubu ya jeli yake imenifikia imefungwa kwenye gazeti kama samaki. Daktari wetu alisoma maandishi yake madogo akatikisa kichwa. Dawa iliyomo inatuliza misuli vizuri kabisa, lakini kwa ngozi za watu wengine, ikikutana na jua, inakuwa moto. Mwenye kuipaka bega lake liko ndani ya shati, halioni jua, hana habari. Wewe unayelaza shavu juu ya shati na kumshika kwa mkono wa kulia ndiye unayeondoka nayo, kisha unashuka bwawani, jua la saa sita linakuamkia. Wiki ile uliyopona nimemuuliza: alikuwa safarini anapaka rangi ukuta wa shule. Daktari amesema, "Huyu anajipaka, yule anaugua. Hapo lazima pana mapenzi."

Kwa hiyo soma hapa polepole. Ngozi yako haijamkataa mtu. Imekataa jeli. Hakuna aliyekukumbusha umri, wala hukuwa umejisahau. Na yale maneno ya kipite mbali nilikuwa nasema kitambaa cha kijani, Mama! Kitambaa! Umemfukuza mtu mzima kwa maneno niliyoyaandikia kaptura.

Aache jeli hiyo moja kwa moja. Mashati yake na koti vifuliwe vizuri, maana dawa inabaki kwenye nguo. Wewe ujifiche na jua kwa wiki kadhaa bado, kofia pana, kitambaa usoni, hata ukiwa umepona. Ngozi ina kinyongo kuliko mawifi. Bega lake aende akafundishwe mazoezi.

Mengine hayatibiwi na mimi. Lakini kama unauliza ruhusa, na najua huulizi, ninayo mkononi nakupa.

Chiriku wako


26 Aprili

Chiriku, mama yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza, kisha nikaondoka hata mlango sikufunga. Nimefunga kofia ya shambani kichwani na khanga usoni, macho tu yanaonekana, nikapita mtaa mzima kama mwizi wa asali. Shoga akaniita kutoka dukani kwake, "Unakwenda wapi umejifunga hivyo?" Nikamwambia, "Kukomboa mali."

Nilimkuta juu ya ngazi anamalizia lile bango. Lilikuwa viatu. Nikasimama chini nikasema, "Shuka!"

Akashuka na brashi mkononi, rangi inamdondokea kiatuni. Nikamwambia, "Si wewe. Ni jeli."

Akasema, "Najua. Mwanao aliniandikia."

"Unajua tangu lini?"

"Nilipotuma tyubu nilianza kuhisi. Juzi ikaja barua yake, nikajua."

"Na hukuja?"

Akasema, "Jeli ilikuwa ya mwanao kuisema. Lakini kunifukuza ulinifukuza wewe. Nilisubiri uniite wewe."

Mwanangu, nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga njiani. Yote yakapotea. Nikabaki nimesema, "Basi ndiyo nakuita," na kwa sababu ya khanga hakusikia, nikalazimika kuyarudia kwa sauti. Mwenye duka la viatu akapiga makofi.

Nisamehe kwa kukuficha. Niliogopa kwamba nikikuambia utamkumbuka baba yako uumie. Kumbe na mimi kila siku namkumbuka, na yule mwingine pia nampenda, na vyote viwili vinakaa chumba kimoja bila kugombana. Sikujua kama inawezekana. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Mama yako


8 Juni

Mwanangu Chiriku,

Shavu jeupe. Usiruke, si jeupe la kuchubuka. Nasema safi, nyororo, jeusi tii, yote mawili sasa yanafanana. Juzi tulikwenda bwawani kwa mara ya kwanza, kofia zetu ngumu kichwani, na chini ya ile ya kwangu khanga mpaka machoni, nikalaza shavu kwenye shati lililofuliwa mara nne. Nilikaa siku mbili najitazama kwenye kioo kila saa. Hakuna hata kimoja. Bega lake anafanya mazoezi kwa kamba na jiwe. Anaguna sana lakini anafanya.

Sasa nikupe habari yenyewe. Jana alikuja nimpime shati. Alisimama katikati ya chumba cha mbele, mikono ameitanua, nami nilikuwa nampimia kitambaa mwilini, pini sita zimejaa mdomoni. Akatazama ukutani, akasema, kama mtu anayezungumza na saa, "Mimi nimechoka kukurudisha hapa kila Jumamosi nikaondoka. Nataka nikikurudisha, nibaki. Unaonaje, tuoane?"

Mimi nikasema, "Mmh."

Akauliza, "Mmh ya ndiyo au mmh ya hapana?"

Nikasema, "Mmh!"

Akaanza kutoka jasho. Hawezi kunigeukia, ana pini kwapani. Akasema, "Si lazima unijibu leo. Ukitaka ujiulize, jiulize. Ukitaka umwandikie mwanao kwanza, mwandikie. Naweza kungoja." Maskini, akaendelea hivyohivyo kujijibu na kujifariji, amenyoosha mikono kama mlingoti, nami natoa pini mdomoni moja baada ya moja nazichomeka kwenye mto wa pini, haraka niwezavyo, mpaka ya mwisho ikanichoma ulimi.

Nikamwambia, "Ndiyo, wewe mtu! Ndiyo! Ningejibu vipi na mdomo umejaa vyuma?"

Omba ruhusa kazini mwezi ujao, wiki nzima, si siku mbili. Gauni lako nimeshalikata kwa kukisia, kama umenenepa useme sasa. Lile shati lake limetoka mkono mmoja mfupi kuliko mwingine. Nimetaka kulifumua amekataa. Amelivaa leo asubuhi kwenda kazini, anamwonyesha kila mtu.

Mama yako